Attracta Geelan na Mchezo Usio na Waigizaji

Kabla hajajua lolote kuhusu jukwaa, Attracta Geelan alikuwa akiunganisha simu katika posta ya Drumharra, mji wetu mdogo katika kaunti ya Leitrim. Alikaa mbele ya ule ubao wa nyaya miaka kumi na tisa kabla ya haya ninayotaka kusimulia. Ukitaka kuzungumza na mtu ulizungusha mkono wa simu, Attracta akaitika, ukamtajia unayemtaka, naye akachomeka waya. Hivyo ndivyo serikali ilivyopanga. Kwa Attracta mambo yalikwenda vingine.

"Niunganishe na daktari wa mifugo," nilimwambia siku moja.

"Hayupo, Colman. Yuko kwa akina Mulvey, farasi wao amemeza kamba. Yule ng'ombe wako mwekundu bado anakohoa?"

"Bado. Tangu..."

"Tangu Jumapili. Mpe maji ya vuguvugu. Daktari atapita kwako akitoka kwa akina Mulvey, nimeshamwambia."

Simu ikakatika. Nilikuwa nimemaliza shughuli yangu na daktari bila daktari kuwepo.

Attracta hakuwa mbeya, na hili nataka lieleweke. Aliyoyasikia kwenye nyaya zile hakuyapeleka kwa jirani. Kilichomtesa ni kitu kingine: hakuweza kuvumilia sentensi iliyoachwa njiani. Ulipotafuta neno ukalikosa, alikuwa kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa inachemka mpaka inamwagika. Lazima aende kuiepua. Kulikuwa na kijana mmoja mchimba makaa aliyempigia simu binti mmoja wa mji wa Mohill kila Alhamisi, na kila Alhamisi alifika kwenye maneno "Nilikuwa najiuliza kama" kisha akakwama. Attracta alivumilia wiki saba. Wiki ya nane akasema, "Nuala, anataka muoane." Sasa wana watoto sita, na mmoja wao ni padri.

Basi mwaka 1971 akarudi Mwalimu Malachy Tunney kutoka Paris. Alikuwa akifundisha Kilatini katika shule ya wavulana, mtu mrefu, mwenye koti refu, na huko Paris alikaa siku tisa tu. Lakini siku hizo tisa zilimharibu kabisa. Alikuwa ameona mchezo wa kuigiza ambamo mtu mmoja alikaa kwenye kiti robo saa nzima bila kusema neno, na watu wakalia. Aliporudi aliita mkutano katika ukumbi wa parokia, akatutangazia kwamba watu wa magharibi ya mto Shannon wamenyimwa maigizo ya kweli, na kwamba yeye atawapelekea mpaka mlangoni.

Tulikuwa watu ishirini na mbili. Walipoondoka wale waliodhani ni mkutano wa mashindano ya karata, tukabaki watano. Kulikuwa na Mwalimu mwenyewe. Kulikuwa na Concepta Breen, mtengeneza nywele, ambaye angeweza kulia machozi ya kweli kwa jicho moja, lolote utakalolichagua. Kulikuwa na ndugu wawili wa familia ya Keaveney, wauza mbolea, watu wanaofanana mno hata Mwalimu mwenyewe aliwachanganya. Na mimi. Mimi sikuombwa kuigiza. Nilikuwa na gari lililowahi kusambaza mikate, na ndilo walilolihitaji.

Ndivyo lilivyoanza Kundi la Maigizo la Drumharra. Mwalimu aliandika mchezo wa kwanza kwa mkono wake, ukaitwa *Mtamba wa Marehemu*. Baba mmoja anakufa, anaacha shamba lililojaa maji na ng'ombe mmoja mchanga asiyewahi kuzaa. Wana wawili na binti mmoja wanagombana juu ya yule mtamba sehemu tatu nzima, na yeye mwenyewe haonekani jukwaani hata mara moja. Mimi nilitengeneza mlango na fremu yake, mlango mmoja tu, wa mbao nzito, kwa sababu Mwalimu alisema nyumba bila mlango ni wazo tu.

Siku ya kwanza ya mchezo ukumbi ulijaa. Mwalimu aliigiza kaka mkubwa, aliyerudi kutoka Boston. Akaingia kwa mlango wangu, akavua kofia, akatazama huku na huku, akasema, "Ninyi mnadhani nimekuja kwa ajili ya..." Basi. Hakuna kilichofuata. Tukasubiri. Concepta akaanza kulia kwa jicho la kushoto ili kujaza nafasi.

Ndipo sauti ikatoka safu ya tatu, ya upole lakini inayofika kila pembe: "...shamba, kumbe mimi nimekuja kwa ajili ya mtamba."

Alikuwa Attracta, amekaa na mkoba wake magotini. Mwalimu alikuwa amemsomea dada yake wa Galway mchezo wote kwa simu, mara nne, na Attracta ndiye aliyekuwa ameshika waya. Aliujua kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jioni ile alimkumbusha Mwalimu maneno mara kumi na nne bila kuondoka kitini, na ndugu wa Keaveney, waliokuwa wakipokezana sehemu ya kaka mdogo, mara tatu tatu. Watu walipotoka walisema mchezo ulikuwa mzuri, hasa yule mwanamke wa safu ya tatu.

Mwalimu alimfuata mlangoni. "Bi Geelan, utakuja nasi?"

"Kuja wapi, Mwalimu?"

"Manorhamilton, Ballinamore, Boyle. Kila palipo na ukumbi na jiko linalowaka."

"Nani atakaa kwenye simu?"

"Jumamosi na Jumapili tu."

Akafikiri. "Jumamosi watu hawana la maana la kusemezana," akasema, na kuanzia hapo akawa mkumbushaji wetu. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya pazia, upande wa kushoto, kwenye kreti la maziwa lililogeuzwa, kitabu kikiwa magotini ingawa hakukitazama, na kumrushia mwigizaji neno lililomponyoka.

Mkumbushaji wa kawaida hunong'ona. Attracta hakujua kunong'ona. Alikuwa na sauti ya simu, ile inayopita kwenye waya maili sitini huku mvua ikinyesha. Kwa hiyo ukumbi mzima ulimsikia, na baada ya mwaka mmoja ukumbi mzima ulimngoja. Huko Ballinamore watu walikuwa wakikaa upande wa kushoto ili wawe karibu naye. Tuliporudi mara ya pili, mzee mmoja alimuuliza Mwalimu kwa heshima kama waigizaji wangeweza kusahau kidogo zaidi.

Tatizo lilikuwa ukimya. Mwalimu alikuwa ameleta ukimya kutoka Paris na alitaka kuutumia. Alikuwa akisimama katikati ya jukwaa, akitazama juu ya vichwa vya watu, kimya, ili sote tuhisi uzito wa maisha. Na kila mara, kabla uzito wenyewe haujatua, Attracta alimpa neno linalofuata.

"Attracta," akamwambia siku moja tukipakia mlango garini, "ule ulikuwa ukimya wa makusudi."

"Nitajuaje?"

"Kwa sura yangu."

"Mwalimu, sura yako ya makusudi na sura yako ya kusahau ni moja. Muulize Colman."

Nikasema nina kamba za kufunga.

Wakakubaliana kwamba ukimya ukiwa wa makusudi, Mwalimu atainua kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Jambo hili lilifanya kazi vizuri sana. Miezi mitatu baadaye mwandishi wa gazeti alikuja kutoka Dublin, akatutazama, akaandika safu nzima juu ya kile kidole. Alisema kinawakilisha taifa. Tangu siku hiyo Mwalimu alianza kukiinua hata akiwa anazungumza, na Attracta akachanganyikiwa kabisa, akaacha kukitazama. Tukarudi tulikotoka.

Sasa nifike kwenye jambo la Kilbrack.

Ilikuwa Machi 1978. Padri mmoja aitwaye Hession alipiga simu akaomba tumpelekee *Mtamba wa Marehemu* Jumapili saa tisa alasiri, maana watu wake lazima wawe wamerudi nyumbani saa kumi na moja kukamua ng'ombe. Kilbrack zipo mbili. Moja iko Roscommon, nyingine iko Cavan, na zimeachana kwa mwendo wa saa mbili. Attracta ndiye aliyeiunganisha simu ile, kwa hiyo alijua ilitoka Cavan. Mwalimu alisikia neno Kilbrack likamtosha, kwa sababu shangazi yake alizikwa Kilbrack ya Roscommon. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mimi na Attracta tulitangulia na gari la mikate, mlango ukiwa nyuma, tukakata kulia. Mwalimu, Concepta na ndugu wa Keaveney walitufuata kwa gari la Mwalimu baada ya misa, wakakata kushoto.

Saa nane na nusu mlango wangu ulikuwa umesimama, meza na viti vitatu vimepangwa, birika liko mezani. Ukumbi ulikuwa umejaa watu mia mbili, wengine wamekaa kwenye madirisha. Saa tisa Padri Hession akaja nyuma ya pazia. Alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka.

"Bi Geelan, waigizaji wako wapi?"

"Wanakuja, Padri."

"Saa ngapi?"

"Hilo analijua Mungu na Malachy Tunney. Na kati ya hao wawili, Malachy simwamini sana."

"Watu wamekwisha kukaa. Saa kumi na moja wataondoka hata kama Papa mwenyewe yuko jukwaani."

Saa tisa na robo, hakuna mtu. Saa tisa na nusu watu wakaanza kupiga miguu chini, polepole, wote kwa pamoja, mpaka birika likaanza kutembea mezani. Nilikwenda dirishani mara sita. Niliporudi mara ya sita nilimkuta Attracta amekaa kwenye kreti lake, kitabu magotini, miguu amekutanisha.

"Fungua pazia, Colman."

"Nifungue nini? Hakuna mtu."

"Kazi yangu ni kumkumbusha anayesahau," akasema. "Leo wamesahau mpaka kuja. Fungua."

"Na mlango je?"

"Ukifika wakati wa mtu kuingia, uvute. Akishaingia, ufunge. Kuna baridi."

Nikafungua pazia. Watu wa Kilbrack wakaona meza, viti vitatu na mlango. Wakanyamaza. Kisha kutoka upande wa kushoto ikaja sauti ya Attracta, ile ile ya siku zote, haikujifanya ya mwanamume wala ya mtu mwingine yeyote: "Amelala kama alivyoishi, bila kumuuliza mtu."

Nikadhani watacheka, au watarusha kitu. Kwa dakika kama tano walikuwa wakitazamana. Halafu nikavuta kamba, mlango ukafunguka ili kaka wa Boston aingie, na watu mia mbili wakageuza shingo kumtazama asiyekuwepo. Mwanamke wa mbele akasogeza miguu ampishe, kana kwamba jukwaa lingemmwagia mtu mapajani mwake.

Kuanzia pale sikuelewa kilichotokea, na sikielewi hata leo. Walijua nani kakaa kiti kipi. Dada alipozungumza walitazama kiti cha kati, kaka mdogo alipomjibu walitazama kile kilicho karibu na birika, na kwa sababu Attracta hakubadilisha sauti, mimi mwenyewe nilikuwa nikipotea lakini wao hawakupotea. Sehemu ya pili, dada anapompiga kofi kaka wa Boston, mkulima mmoja nyuma akasema, "Limempata," na jirani yake akamwambia anyamaze, huenda kaka ana sababu zake. Ukafika ule ukimya mrefu wa Mwalimu, ule wa Paris. Attracta akauacha. Hakuukata. Jukwaa likabaki na viti vyake, mvua ikawa inasikika kwenye bati, na mtu mmoja akavua kofia yake, kisha mwingine.

Ilipokwisha walipiga makofi mpaka mikono ikawauma, wakataka waigizaji watoke wawasalimu. Sikujua la kufanya. Nikavuta kamba, mlango ukafunguka, nikauacha wazi. Wakaushangilia mlango. Baadaye akina mama wa parokia wakapanda na sahani za mkate wa nyama ya nguruwe na vikombe vya chai, wakaviweka mbele ya viti vitatu vitupu. Mmoja aliongeza kikombe cha nne, akaeleza kuwa ni cha marehemu. Attracta walimpelekea chake kwenye kreti.

"Ni wazuri sana waigizaji wenu," mama mmoja akamwambia. "Hasa yule mdogo."

"Ana homa kidogo leo," Attracta akamjibu, "lakini amejitahidi."

Yaliyotokea kule Roscommon tuliyasikia Jumatatu, kutoka kwa Concepta, maana Mwalimu alikuwa hawezi kuyasimulia bila kukaa chini. Walifika wamechelewa, wakakuta ukumbi umejaa wakulima wenye sura za kazi. Mwalimu akaona hakuna mlango, hakuna viti, hakuna mkumbushaji, lakini watu wapo. Akasema msanii wa kweli hahitaji mlango. Hakujua kuwa wale wakulima walikuwa wamekusanyika kumsubiri mhandisi wa serikali aje kuwaeleza habari za mto unaofurika. Mwalimu akapanda mbele, akavua kofia, akasema kwa uchungu kwamba shamba la baba limejaa maji na mtamba amesimama katikati yake hana pa kwenda.

Mtu mmoja akasimama. "Ndivyo hivyo hasa," akasema. "Hatimaye wametutumia mtu anayeelewa."

Kila mwigizaji alipofungua mdomo, walimjibu. Ndugu wa Keaveney alipotamka kwamba maji ni ya Mungu, wakamzomea na kumuuliza analipwa na nani. Concepta alipolia kwa ajili ya mtamba, mwenyekiti wa mkutano alilia pamoja naye. Mwalimu alijaribu kuingiza ukimya, akainua kidole, wakadhani anaomba kura. Wakapiga kura. Ikapitishwa bila kupingwa kwamba mtamba ahamishiwe sehemu ya mwinuko mara moja na mto uchimbwe kuanzia darajani. Concepta alichaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya mto, akaitumikia miaka tisa. Alikuwa akienda huko kila mwezi. Mto wenyewe ulichimbwa mwaka 1981, na mpaka sasa haujafurika tena.

Mwalimu angeweza kulimeza hili la mto. Asichoweza kukimeza ni barua. Zilianza kuja wiki ile ile, kutoka Cavan, kutoka Longford, kutoka mahali ambapo hatujawahi kufika. Zote zilitaka ule mchezo wa watu wasiokuwepo. Mmoja aliandika kwamba amekuwa mpenzi wa maigizo maisha yake yote, na kwamba hajawahi kuona waigizaji wasiojisukuma mbele namna ile.

Kwa wiki tatu Mwalimu hakuzungumza na Attracta. Tulikuwa tukisafiri sote watatu mbele ya gari la mikate, maana gari la Mwalimu lilikuwa gereji, mimi kwenye usukani, Attracta katikati, na Mwalimu ameminywa dirishani.

"Colman, mwambie Bi Geelan afunge dirisha."

"Mwambie Mwalimu dirisha liko upande wake."

"Mwambie Bi Geelan kuna watu wanaofikiri maigizo ni kupiga kelele nyuma ya pazia."

"Mwambie Mwalimu mimi nilikuwa na watu mia mbili, na yeye alikuwa na kamati."

Nikawaambia wote wawili kwamba naendesha gari.

Wiki ya nne Mwalimu alikuja na uamuzi. Kama watu wanamtaka Attracta, basi watampata, lakini mbele ya pazia, kama mwigizaji mwenye adabu. Akamwandikia sehemu katika mchezo mpya: shangazi anayeingia na kikombe cha chai na kusema sentensi kumi na moja. Nadhani ndani yake kulikuwa na wema na kulikuwa na kisasi, na yeye mwenyewe hakujua kipimo cha kila kimoja.

Tulikuwa Boyle siku hiyo. Attracta alivaa gauni la kijani, Concepta akamtengeneza nywele. Nikamfungulia mlango. Akaingia, akafika katikati, taa zikamwangukia, ukumbi mzima ukamshangilia kabla hajasema neno. Kisha wakatulia wamsikilize.

Hakusema. Alisimama na kile kikombe, kikatulia kwenye kisahani chake bila hata kutikisika, macho yake yakiwatazama watu kama anayesoma tangazo lililo mbali. Nilihesabu sekunde arobaini. Mwanamke huyu alikuwa amebeba kichwani kila neno la michezo sita, na maneno ya Drumharra nzima ya miaka ishirini na sita, na hakuna hata moja lililotoka.

Kwenye kreti la kushoto hakukuwa na mtu. Hatukuwa tumefikiria jambo hilo. Ndipo nikamwona Mwalimu, ambaye alitakiwa kuingia upande wa kulia, anapita nyuma ya pazia la nyuma kwa ncha za vidole vya miguu, koti refu linaburuta, anapiga magoti kando ya kreti na kuokota kitabu. Hakuwa na miwani. Akakishika mbali, kisha karibu.

"Nimeleta..." akanong'ona. "Nimeleta... hapa ni chai au choo?"

"Chai," Attracta akasema, kwa sauti ya kufika nyuma.

"Nimeleta chai, na habari... habari za..."

"...za Boston, nazo zimepoa kuliko chai," Attracta akamalizia, na sentensi zote kumi na moja zikatoka kwa namna hiyo: Mwalimu akianza na kukwama, yeye akimalizia. Watu wa Boyle hawakuwa wamecheka vile tangu vita viishe.

Baadaye niliwakuta wamekaa kwenye ngazi ya nyuma ya ukumbi. Mwalimu alikuwa amemwazima koti lake.

"Nisamehe, Attracta," alikuwa akisema. "Nilidhani utapenda."

"Pale mbele wote wananitazama nianze," Attracta akasema. "Mimi sijawahi kuanza kitu, Mwalimu. Mtu akianza namfuata."

"Na Kilbrack? Kilbrack nani alianza?"

Alifikiri sana. "Nilikuwa nawasikia," akasema. "Nilimsikia kila mmoja wenu. Wewe hasa."

Mwalimu akamvuta lile koti vizuri mabegani.

Mwaka 1984 serikali ilileta mitambo ya simu inayojiunganisha yenyewe. Walikuja wanaume wawili na bisibisi, wakaufungua ule ubao wa nyaya, wakaupakia kwenye lori. Mji uliteseka. Watu walipiga namba, wakapata waliyemtaka, kisha wakagundua hawajui la kumwambia. Attracta alikaa nyumbani wiki mbili na mapazia yamefungwa, halafu akaja kwenye kiwanda cha zamani cha siagi ambacho kundi lilikuwa limepewa liwe makao yetu, akauliza kreti lake liko wapi. Tangu siku hiyo akawa nasi kila siku. Walianza kuja waigizaji vijana waliosomea kazi hiyo, watu wasiosahau chochote. Aliwatazama kwa huruma, kama mtu anavyowatazama watoto wasiotaka kula.

Mwalimu yeye alizidi kusahau. Kufikia mwaka 1993 alikuwa hakumbuki mchezo wowote, hata ule aliouandika mwenyewe. Hatukumwondoa. Alikuwa akiingia kwa mlango, akivua kofia, akichezesha midomo, na Attracta alisema maneno yote kutoka kushoto. Watu walijua. Wale wa Ballinamore walisema amefikia kilele chake.

Alifariki Februari 1996. Misa ilisomwa na mpwa wake, padri kijana, na kanisa lilijaa watu kutoka kaunti tano. Padri Hession, mzee sana sasa, aliletwa kwenye kiti cha magurudumu. Yule mpwa akaanza vizuri. Akasema, "Mjomba wangu Malachy alikuwa mtu ambaye..." akakwama. Kanisa zima likageuka. Sitanii, watu mia tano waligeuza vichwa kumtazama Attracta katika safu ya tano, na mpwa mwenyewe alimtazama. Attracta alikuwa ametazama chini, mikono juu ya mkoba. Hakutoa neno. Ukimya ule ulikaa muda ambao Mwalimu angejivunia, mpaka yule kijana akapata sauti yake akaendelea.

Tulipotoka nje nilimuuliza kwa nini hakumsaidia.

"Hakuwa amesahau, Colman," akasema. "Alikuwa analia."

Tulidhani kundi lingekufa pamoja na Mwalimu. Kamati ilikutana kulivunja, ikaishia kumchagua Attracta kuwa mwongozaji, akiwa na miaka sitini na minne, kwa sababu ndiye pekee aliyejua kila mchezo ulikuwa unahusu nini. Aliliongoza miaka minane. Aliongoza akiwa pembeni, hakukaa mbele hata siku moja, na waigizaji vijana walijifunza kucheza wakiwa wameelekeza sikio moja kushoto, jambo ambalo mpaka leo ndilo linalowatambulisha watu wa Drumharra popote wanapokwenda. Katika miaka hiyo tulifika mara mbili Uskoti na mara moja Brittany, na Kilbrack ya Cavan kila Machi.

Mwaka 2004 aliacha, akaanza kufuga nyuki nyuma ya nyumba yake, kila mzinga na malkia wake. Nyuki wanampendeza kwa sababu, anasema, hawaachi jambo nusu. Mimi humtembelea siku za Jumatano. Mwaka 2011 vijana wa kundi walikwenda kumwalika kwenye sherehe ya miaka arobaini. Walitaka apande jukwaani, wamvishe shada, waziri awepo. Nilikuwepo walipofika. Aliwapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza, jambo ambalo najua lilimgharimu.

"Ni Jumamosi gani?" akauliza.

Wakamtajia.

"Haiwezekani," akasema. "Jumamosi hiyo kuna mtu anakuja kutoka Carrick kutazama malkia."

Wakatazamana, wakaandika hivyo kwenye taarifa yao, na mkutano wa kamati ulitumia nusu saa kujadili ni malkia wa nchi gani.